Skrini Iliyotupwa na Darsa ya Kina Mama



Juma hili nimeona niandike juu ya jambo ambalo huenda likaonekana geni kwa kalamu ya mtu wa chuoni, nalo ni namna skrini ya kompyuta iliyokwisha kuhesabiwa kuwa takataka ilivyogeuzwa ikawa projekta katika madrasa yetu hapa Mombasa. Sitaliandika kwa cheo cha fundi, kwani ufundi una wenyewe. Nitaliandika nikiwa mwalimu aliyekuwa na haja, akaikuta haja yake imelala katika sanduku la vitu vibovu.

Wanaozijua madrasa zetu za mjini wanaujua mpangilio wake. Wanaume huketi chini, mbele ya mwalimu na ubao wake. Kina mama huketi ghorofani au nyuma ya pazia. Sauti huwafikia kwa kipaza sauti, na wengi wao husikiliza kwa makini kuliko waume zao walioegemea nguzo. Lakini ubao hauwafikii. Basi kwa miaka mingi mwanamke wa kwetu amekuwa mtu wa kuisikia elimu pasi na kuiona.

Iko elimu isiyodhurika kwa hali hiyo. Kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) kinamliza mwenye kukisikia hata akiwa amefumba macho. Lakini iko elimu nyengine ambayo mlango wake ni jicho. Utamwelezaje mtu kwa maneno matupu ni sehemu gani ya ulimi inayogusa meno ya juu katika herufi ya thaa, na ni sehemu gani katika herufi ya dhaad? Utamfahamishaje aliyenuia Hijja ilipo Mina, ilipo Muzdalifa na ilipo Arafa, asipoiona ramani? Utamfunzaje jedwali la mirathi asiyeliona jedwali lenyewe? Na juu ya yote hayo, utamfunzaje kuosha na kukafini maiti mtu ambaye hajawahi kuiona sanda ikikatwa?

Hili la mwisho ndilo lililotutia hamu. Kumwosha maiti wa Kiislamu ni faradhi ya kutoshelezana: wakilitimiza baadhi ya watu, wengine huvuliwa dhima, wakiliacha wote, wote hupata dhambi. Na mwanamke kwa kawaida huoshwa na wanawake wenziwe. Katika mtaa wetu kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa bi mkubwa mmoja aliyepindukia miaka 70, ambaye amewaosha bibi, mama na mabinti wa nyumba moja. Magoti yake yamechoka. Ilipata kutokea siku moja kwamba kulikuwa na misiba miwili, mmoja kwetu na mmoja Likoni, naye alikuwa ameshavuka feri tangu alfajiri. Jamaa za marehemu wa kwetu walikaa kungoja hadi adhuhuri ilipopita, hali ya kuwa sote tunajua kwamba maiti huharakishwa. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na mabinti waliohitimu madrasa, wanaozijua nguzo za josho kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Hapakuwa na hata mmoja aliyethubutu kuanza.

Bi mkubwa hakuwa bahili wa elimu yake. Alikwisha kujaribu kufundisha, akatandika mkeka katika ukumbi wa kina mama, akakunjua kitambaa. Waliokaa mbele waliona, na waliokaa nyuma waliona mabuibui ya waliokaa mbele. Wengine walisimama juu ya viti, watoto wakalia, na somo likaishia hapo.

Palipotajwa projekta, mweka hazina wa kamati alituuliza swali moja tu: fedha za wapi? Madrasa yetu inaishi kwa ada ndogo na sadaka za Ijumaa. Projekta yenye mwanga wa kutosha huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, na taa yake ikifa, bei ya taa mpya humfanya mtu aiache mashine nzima ikaliwe na vumbi.

Mpwa wangu mmoja hutengeneza kompyuta katika kijiduka chake. Nilipomtembelea nilimkuta na kipakatalishi kidogo, yaani kompyuta ile ya kukunja, ambacho mwenyewe alikimwagia chai ya maziwa. Chai ile iliingia chini ya vitufe ikaichoma bodi kuu. Gharama ya kuitengeneza ilizidi thamani yake, hivyo mwenyewe akaitelekeza. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kimekufa hicho, akitupe. Akanijibu, “La, mjomba. Hapa kilichokufa ni bodi. Skrini iko hai. Sisi huita kitu kizima maiti kwa sababu ya kiungo kimoja.”

Maneno yale yaliniingia, nikaketi anieleze. Nami nitawaelezeni kama nilivyofahamu, kwani ni ajabu ambayo wengi wetu tunaitazama kila siku bila ya kuijua.

Skrini ya kompyuta haina nuru yake yenyewe. Kioo kile ni mfano wa pazia la madirisha madogo madogo. Ndani yake, baina ya vioo viwili vyembamba, mna kimiminika cha fuwele, na pande mbili za nje zina utando maalumu unaochuja mwanga. Umeme ukikigusa kimiminika mahali fulani, mpangilio wake hubadilika, na dirisha la mahali hapo hufunguka au hufungika. Skrini ile ndogo, ya inchi 12.5 kutoka pembe hadi pembe, ina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani zaidi ya nukta milioni moja, na kila nukta ina vidirisha vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Nuru tunayoiona hutoka nyuma, katika taa nyembamba iliyofichwa pambizoni, na hutandazwa na karatasi nyeupe za plastiki zilizopangwa kama kurasa za kitabu.

Kwa hiyo ukiivua skrini ile taa na zile karatasi za nyuma, kinachobaki ni kioo chembamba unachoweza kuona upande wa pili kupitia kwacho. Kikiunganishwa na umeme, picha inapita juu ya kioo hicho lakini haionekani vyema, kwa kuwa hakuna mwanga wa kuibeba. Mpwa wangu akasema, “Tukiipata taa kali ya kuipitisha hapa, na lenzi ya kuikuza, tumepata projekta.”

Taa na lenzi tulizipata pamoja, tena mahali tusipopatarajia. Wenye umri wangu mtaikumbuka mashine iliyokuwa ikitumiwa vyuoni kabla ya kompyuta kuenea: sanduku lenye meza ya kioo juu, taa ndani yake, na mkono wenye kichwa cha lenzi na kioo cha kuakisi. Mwalimu aliandika juu ya karatasi angavu ya plastiki, na maandishi yakatokea ukutani yakiwa makubwa. Taasisi moja iliuza samani zake kuukuu kwa mnada, na miongoni mwa viti vilivyovunjika ikawamo mashine hiyo. Hakuna aliyeitaka, kwani karatasi zake hazipatikani tena madukani. Tuliinunua kwa bei ya jozi ya viatu.

Zingatieni hali ya vitu viwili hivi. Mashine ilikuwa na nuru lakini haina tena picha ya kuonyesha. Skrini ilikuwa na picha lakini haina tena nuru ya kuionyeshea. Kila kimoja kimetupwa kwa upungufu ambao mwenziwe alikuwa nao wa kumpa. Meza ya kioo ya mashine ile ina upana wa takribani sentimita 28, na sehemu ya picha katika skrini yetu ina upana wa sentimita 27.7. Iliingia kama kidole katika pete.

Chini ya meza ile ya kioo mna lenzi bapa ya plastiki yenye michirizi ya duara kama ya sahani ya santuri. Kazi yake ni kuukusanya mwanga unaotoka katika taa na kuuelekeza wote katika kichwa cha mashine. Lenzi ya aina hiyo inaitwa kwa jina la Mfaransa Augustin-Jean Fresnel, aliyeibuni kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, nayo ilianza kutumika katika mnara wa Cordouan huko Ufaransa mwaka 1823. Lenzi nene ya kioo ingekuwa nzito mno. Yeye akaikata unene na kuacha mikunjo yake tu, kwa sababu kinachoupinda mwanga ni uso wa lenzi.

Kazi yenyewe ilichukua majuma matatu ya jioni jioni. Jambo gumu lilikuwa kuivua skrini bila ya kuiua. Pembezoni mwake mna bodi nyembamba iliyoshikamana na kioo kwa tepe laini kama ganda la kitunguu. Utepe mmoja ukichanika, safu nzima ya picha hupotea, na hakuna gundi ya kuurejesha. Bodi hiyo hukunjwa nyuma ya skrini, basi ilibidi ikunjuliwe taratibu ilale kando ili isizibe njia ya mwanga. Kisha ikahitajika bodi nyengine ya kuiendeshea skrini, inayopokea picha kutoka kompyuta yoyote kwa waya wa HDMI. Bodi hii huchaguliwa kwa namba ya skrini iliyoandikwa mgongoni mwake, kwa hivyo namba hiyo hunakiliwa kabla ya kuvua chochote.

Adui wa pili alikuwa joto. Taa ya asili ya mashine ilikuwa ya halojeni ya wati 250, na skrini haikuumbwa kwa moto huo. Kimiminika cha fuwele kikipata joto kupita kiasi hupoteza mpangilio wake, na picha hugeuka doa jeusi mpaka kipoe. Utando wa kuchujia ukiungua, haurudi tena. Kwa ajili hiyo taa ya zamani ilitolewa, ikawekwa taa ya LED ya wati 100 iliyofungwa juu ya bamba la alumini la kupozea pamoja na feni yake. Skrini nayo iliinuliwa juu ya vijiti vya mbao kwa kiasi cha sentimita mbili, na feni ndogo ikapuliza katika uwazi huo.

Wala msidhani kwamba tumeipata mashine ya kushindana na za madukani. Utando wa kwanza wa skrini hula nusu ya mwanga. Rangi tatu hula takribani theluthi mbili ya kilichobaki. Kisha nyaya na kingo za vidirisha hula sehemu yao, hata mwanga unaotoka juu hauifikii sehemu 1 katika 10 ya ule ulioingia chini. Mchana picha yetu ni kama moshi. Lakini usiku, taa zikizimwa na mapazia yakishushwa, hutoka picha ya upana wa mita mbili ambayo mtu wa safu ya nyuma anaisoma bila ya miwani. Gharama yote, pamoja na mashine ya mnada, bodi, taa na feni, haikufika shilingi 10,000.

Siku ya kuijaribu, watoto wa chuo waliuliza vipi picha inasafiri hewani na hawaioni mpaka ifike ukutani. Nikawahadithia kitu nilichokiona nikiwa na umri wao. Nyumba ya bibi yangu katika Mji wa Kale ilikuwa na madirisha ya mbao, na mojawapo lilikuwa na tundu la msumari. Tulipolazimishwa kulala adhuhuri na madirisha yakafungwa, juu ya ukuta wa chokaa palitokea njia nzima ya nje: wapita njia, mkokoteni, buibui likipepea, vyote miguu juu vichwa chini. Sisi watoto tulidhani ni majini. Ilinichukua miaka kujua kwamba jambo hilo lilikwisha kuchunguzwa na mwanachuoni wa Kiislamu miaka elfu moja iliyopita.

Naye ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 wa Miladi na kufariki Cairo mnamo mwaka 1040. Katika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, alibainisha kwamba jicho halitoi nuru ya kuvigusa vitu, kama walivyodai baadhi ya Wayunani. Nuru hutoka kwenye vitu ikalijia jicho, tena husafiri kwa mistari iliyonyooka. Kuthibitisha kwamba mianga haichanganyikani njiani, aliziweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba cha giza, na kila taa ikatoa doa lake ukutani. Alipoiziba taa moja, doa moja tu lilitoweka na mengine yakabaki mahali pake. Watoto wetu walilifanya jaribio hilo kwa tochi tatu za simu na kipande cha boksi, wakaliona kwa macho yao. Niliwaambia kwamba babu zao hawakuwa watu wa kusoma tu. Walikuwa pia watu wa kuziba taa moja na kutazama linalotokea.

Hata hivyo, si wote waliofurahi. Wazee wawili wa kamati walinijia wakasema, “Sheikh, leo mwaleta ukuta unaong’aa, kesho italetwa sinema.” Hofu yao haikuwa ya ujinga. Sote tumeona simu iliyonunuliwa kwa ajili ya kusikiliza Qur’ani inavyoishia. Tulikaa nao baada ya Isha tukalizungumza kwa utulivu. Nikawakumbusha kaida ya wanafiqhi kwamba njia hupewa hukumu ya makusudio yake. Kalamu huandika tafsiri, na kalamu hiyo hiyo huandika matusi. Ama katika suala la picha, wanavyuoni wametofautiana, na kwa kuwa hitilafu ipo, tuliamua kujiepusha nayo kadiri iwezekanavyo. Tunaonyesha maandishi, majedwali, ramani, michoro ya kinywa na ulimi, na vitambaa. Na panapohitajika kuonyesha mikono ya mwalimu wa kike akifanya kazi, kamera hupeleka picha moja kwa moja ukutani pasi na kuhifadhi chochote, na wako wanavyuoni wanaokifananisha kitu cha namna hiyo na kioo cha kujitazamia.

Mzee mmoja aliridhika. Wa pili hakuridhika sana, lakini akatoa sharti ambalo naona ndilo lililoisalimisha mashine: iwekwe katika sanduku lenye kufuli, ufunguo ukae kwa ustadha wa kina mama, na isiazimwe harusini. Tukalikubali. Mwenye kukupinga kwa nia njema mara nyingi hukuachia jambo lenye manufaa kuliko anayekuitikia kila neno.

Palibaki swali la nani ataiendesha, kwa sababu mwanamume haingii ukumbi wa kina mama wakati wa darsa. Walijitokeza wasichana wawili, mmoja akiwa kidato cha tatu. Mpwa wangu aliwafunza mbele ya ustadha na baba wa mmoja wao. Aliwafunza kuunganisha nyaya, kusafisha vumbi la feni, na kuujua mlio wa feni inayotaka kufa. Juma la pili yule wa kidato cha tatu alimkosoa mwalimu wake. Alisema vijiti vya upande mmoja ni vifupi, na ndiyo sababu maandishi ya kushoto yana ukungu. Alikuwa amesema kweli.

Darsa ya kukafini ilifanyika usiku wa Jumamosi baada ya Isha. Mimi nilikuwa chini. Yaliyotokea juu nimehadithiwa na mke wangu. Simu zote zilikusanywa mlangoni katika kikapu. Bi mkubwa alikalishwa kwenye kiti mbele ya meza ndogo, na kamera ikafungwa juu ya kijiti ikitazama mikono yake. Taa zilipozimwa na mikono ile ikatokea ukutani kwa ukubwa wa mlango, ukumbi ulinyamaza. Yeye mwenyewe akageuka akaitazama, akasema, “Kumbe mikono yangu imezeeka kiasi hiki!” Wakacheka wote, naye akacheka, kisha akapiga Bismillahi akaanza.

Alikata vitambaa vidogo kwa mfano wa sanda ya mwanamke yenye nguo tano: shuka ya kiunoni, kanzu, ushungi wa kichwani, na shuka mbili za kuvingirisha. Alionyesha kipi hutandikwa kwanza, wapi hunyunyizwa manukato, upande gani hufunikwa kabla ya upande gani, na namna ya kufunga pasi na kukaza. Mara kwa mara sauti ilitoka nyuma kabisa: “Bi mkubwa, rudia hapo, tafadhali.” Akarudia. Mke wangu aliniambia kwamba katika miaka yote ya kuhudhuria darsa hakuwahi kumsikia mtu wa safu ya mwisho akiuliza swali. Kwa kuwa sasa alikuwa akiona, alijua ni nini ambacho hakukifahamu.

Yapata miezi miwili baadaye alifariki mama mmoja wa mtaa wetu usiku wa manane. Bi mkubwa hakuweza kupanda ngazi za nyumba ile, basi wakaingia wanawake wanne waliokuwapo katika darsa, na wawili kati yao ni mabinti wasiofika miaka 30. Walimwosha, wakamkafini, wakamsitiri. Bi mkubwa alikaa chini katika kiti cha ua akiwaletea uradi, na waliposhuka akauliza maswali matatu, akajibiwa, akasema, “Alhamdulillahi, sasa naweza kulala.” Marehemu alizikwa asubuhi ile ile. Sikuandika makala haya kwa ajili ya mashine. Nimeyaandika kwa ajili ya neno hilo la bi mkubwa.

Sasa nigeukie majumbani mwetu. Qur’ani imetukataza israfu na ubadhirifu, nasi tunapolisikia katazo hilo hufikiri juu ya wali wa harusini. Lakini tazameni makabati yetu: simu tatu, redio mbili, kompyuta ya mtoto aliyekwisha kuoa. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akivishona viatu vyake mwenyewe na kuzitia viraka nguo zake. Hakuwa akifanya hivyo kwa kukosa wa kumfanyia. Mwenye kutia kiraka huwa amekitazama kitu chake kwa makini, akaijua sehemu iliyochakaa na sehemu iliyo nzima. Sisi twatupa kwa kuwa hatutazami. Kisha vitu vyetu hupelekwa Mwakirunge pamoja na maganda ya ndizi, na nyaya zikichomwa kwa ajili ya shaba, moshi wake wenye sumu huvutwa na watoto wa watu.

Basi kabla ya kutupa chombo cha umeme, muulizeni fundi mwaminifu swali moja: ni kiungo gani kilichokufa, na ni vipi vilivyo hai? Skrini, diski, feni, chaja na kumbukumbu vyaweza kuhudumu penginepo.

Yapo pia mambo ya hadhari ambayo mama wa nyumba ayajue. Kwanza, kabla ya kompyuta kutoka nyumbani, iwe kwa kuuzwa au kupewa mtu, diski yake itolewe au ifutwe na mjuzi. Picha za mabinti zetu wakiwa na nywele wazi harusini zimo humo, na kuzifuta kwa kitufe cha kawaida hakuzimalizi. Pili, betri iliyovimba isitobolewe wala isiachwe juani, kwani huwaka moto. Tatu, skrini za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2010, nyingi zina taa nyembamba kama mrija yenye zebaki ndani yake, na sumu hiyo isivunjwe ndani ya nyumba wala watoto wasichezee. Taa hizo pia huendeshwa na umeme wa mamia ya volti. Nne, taa kali ya LED isitazamwe kwa macho, na mashine ya kujitengenezea isiachwe ikiwaka pasi na mtu. Kazi ya kufungua iwe ya anayejua, na mtoto mwenye kupenda awekwe chini ya mkono wake. Msimfukuze kwa kuchafua sebule, kwani huyo huenda akawa ndiye fundi mtakayemhitaji.

Madrasa nyengine ikitaka kufanya mfano wa hili, milango yetu iko wazi. Wasichana wetu wawili wameandika hatua zote kwa Kiswahili katika daftari, na wanapenda kuulizwa. Anzeni kwa kujua ni elimu gani kina mama wenu wanaisikia bila ya kuiona, kisha ndipo mtafute sanduku.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu na wanaowaosha kwa siri na staha, awape afya wazee wetu wenye elimu ambayo haijapata warithi, atie baraka katika mikono ya vijana wetu, na atujaalie tuwe wenye kuzitunza neema Zake, kubwa na ndogo. Amin.